"Mama, Ugali Unaweza Kurudi Kuwa Unga?"

Jumanne jioni nilikuwa nasonga ugali, binti yangu kasimama pembeni juu ya kistuli chake anautazama mwiko unavyozunguka. Ghafla akaniuliza: "Mama, ugali unaweza kurudi kuwa unga?"

Nikamwambia haiwezekani, ukishaiva umeiva. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Basi ni kama yai. Barafu inarudi kuwa maji, na maji yanarudi kuwa barafu. Lakini yai likichemka halirudi." Akashuka, akaleta daftari, akachora sufuria yangu upande wa vitu visivyorudi, chini ya yai na kuni zilizoungua.

Ana miaka saba, yuko darasa la pili hapa Minnesota. Ijumaa hii shule inafungwa kwa likizo ya majira ya baridi, na watoto watarudi baada ya mwaka mpya. Ninaandika haya kwa sababu ya maneno yaliyopita kwenye grupu letu la wazazi wiki iliyopita. Mzazi mwenzetu alisema anawatoa wanawe shule wiki mbili kabla ya kufunga ili wasafiri nyumbani mapema. Akaongeza: "Kwani Desemba wanasoma nini? Sinema na biskuti tu." Wengi wakaunga mkono. Suala la tiketi nalielewa vizuri. Nauli za kuelekea Krismasi zinapanda, na mwenye watoto wanne hana ujanja, simlaumu hata kidogo. Lile neno la pili ndilo lililonikaa kooni.

Nadhani najua linatoka wapi. Sisi tumekua na Desemba nyingine. Kwetu Tanzania mwaka wa masomo unaanza Januari, kwa hiyo kufunga shule mwishoni mwa mwaka ni kufunga kweli. Mitihani imeshapita. Siku za mwisho ni kufyeka majani, kudeki madarasa, kurudisha vitabu na kungoja ripoti huku moyo unadunda. Mwalimu yuko ofisini anajaza alama. Mtoto aliyebaki nyumbani siku hizo hakukosa kitu, zaidi ya jembe. Tumekuja na Desemba hiyo kichwani, tukaivika shule za huku, na haizitoshi. Hapa mwaka umeanza Septemba na utaisha Juni. Desemba ni katikati ya safari, na mwalimu bado anafundisha.

Tena anafundisha kwa namna ambayo mimi sikufundishwa. Hesabu nitazipita haraka: wanatoa namba za tarakimu mbili, zile tulizoambiwa "kopa kwa jirani" bila kuelezwa jirani atalipwa lini. Wao wanachukua fungu la kumi, wanalivunja kuwa moja moja, wanaona kwa macho kilichotokea. Mambo yaliyonigusa zaidi ni theluji, saa, na jambo la tatu ambalo nitalisimulia kwa kirefu.

Kwenye theluji, walitoka nje na vikombe vya plastiki, wakavijaza mpaka ukingoni, wakachora mstari kwa kalamu kuonyesha ilipofikia, wakavipanga dirishani. Baada ya chakula cha mchana walikuta maji ya kina cha vidole viwili. Binti yangu anasema mwenzao mmoja alilia kwamba theluji yake imeibwa. Mwalimu hakuwapa jibu. Aliwauliza: sehemu kubwa ya kikombe ilikuwa imejaa nini? Wakabishana mpaka mmoja akasema hewa. Kesho yake vikombe vilivyolazwa nje vilikuwa vimeganda vikawa barafu ngumu, si theluji, na hapo wakapata swali jipya. Swali hilo likaja mpaka nyumbani kwangu, maana binti alitaka kujua kama na sisi kwa Kiswahili tuna maneno mawili. Tunayo. Barafu anaijua tangu alipokwenda Tanga akiwa na miaka minne: ile ya ubuyu ndani ya kifuko cha nailoni, unaing'ata pembeni na kuifyonza. Theluji nilimwonyesha kwenye picha ya Kibo, kilele cha Mlima Kilimanjaro, mita 5,895 juu ya bahari, akashangaa kwamba nchi ya bibi yake nayo ina theluji na bibi hajawahi kuigusa.

Halafu saa. Walitengeneza saa kwa sahani za karatasi, mishale miwili imeshikwa katikati kwa pini. Akaja nayo kwangu, mshale mfupi kwenye 7 na mrefu kwenye 12, akauliza saa ngapi. Nikasema saa moja. Akasema hapana, saba. Tukatazamana.

Nilimweleza kwamba kwetu saa zinahesabiwa tangu jua linapochomoza. Jua likitoka siku imeanza, na saa ya kwanza ikitimia ndiyo saa moja. Akaenda dirishani. Ilikuwa saa moja asubuhi yetu hiyo, na nje giza totoro, maana Desemba huku jua linachomoza karibu na saa mbili kasorobo. Akageuka akaniambia kwa huruma: "Mama, saa ya Kiswahili imeharibika huku."

Sikuwa na jibu papo hapo, na nashukuru kwamba mwalimu wake alikuwa nalo. Kila asubuhi darasa huandika kwenye karatasi ya ukutani jua limechomoza saa ngapi na litazama saa ngapi. Mistari inazidi kufupika, na itafika mwisho wa kufupika tarehe 21 Desemba, ambapo mchana wa hapa una takriban saa nane na robo tatu tu. Jua linazama saa kumi na nusu, watoto wanashuka kwenye basi la shule na taa za barabarani zinakaribia kuwaka. Tanga iko jirani na Ikweta, mchana na usiku wake haupishani sana mwaka mzima, kwa hiyo saa inayofuata jua inafanya kazi Januari mpaka Desemba. Saa yetu haikuharibika. Imetengenezwa na watu wanaoishi mahali ambapo jua halina kigeugeu. Haya niliyaelewa sawasawa nikiwa na miaka thelathini na nane, kwa sababu ya sahani ya karatasi.

Jumapili tulimpigia bibi saa tatu asubuhi. Huko kulikuwa saa kumi na mbili jioni, tunapishana saa tisa majira haya. "Bibi, jua liko wapi?" Bibi akasema linaelekea kuzama, anaanua nguo. "Huku limetoka sasa hivi," binti akamwambia. Alipomaliza simu alichukua kalamu nyekundu, akaandika duara la pili la namba ndani ya lile la kwanza: chini ya 7 akaweka 1, chini ya 12 akaweka 6, mpaka akalizungusha lote. Akaipeleka shule. Mwalimu ameitundika ubaoni.

Sasa jambo la tatu, ambalo ni Kwanzaa.

Wasiokuwa huku huenda hawaijui. Ni sikukuu ya Wamarekani Weusi, inaanza tarehe 26 Desemba mpaka tarehe 1 Januari. Aliianzisha mwanaharakati Maulana Karenga huko California mwaka 1966, mwaka mmoja baada ya machafuko ya mtaa wa Watts, Los Angeles. Si sikukuu ya dini. Jina limetokana na "matunda ya kwanza", na a moja ikaongezwa mwishoni ili herufi ziwe saba. Ina nguzo saba, moja kwa kila siku, zote kwa Kiswahili: Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba, Imani. Mezani kuna mkeka, kinara, mishumaa saba, kikombe cha umoja, mazao, zawadi. Soma tena orodha hiyo ukiwa wewe ni mtoto wa Kiswahili, umekaa darasani Minnesota, na mwalimu anaandika maneno ya mama yako ubaoni.

Mwaka jana, katika shule aliyokuwa akisoma kabla ya hii, maneno hayo yalimuumiza. Siku za Kwanzaa watu husalimiana "Habari gani?" na jibu ni nguzo ya siku hiyo. Msaidizi wa darasa akawauliza watoto, "Habari gani?" Binti yangu, aliyefundishwa adabu, akajibu, "Nzuri. Shikamoo." Akaambiwa jibu sahihi ni Umoja. Hakugombezwa, hakuna aliyemcheka. Lakini usiku alipokuwa amelala kifuani kwangu aliniuliza: "Mama, kwani Kiswahili chetu ni kibaya?"

Sikulala vizuri. Mtoto huyu alikuwa ndiyo kwanza ameanza kunijibu Kiingereza kila nikimsemesha. Lugha ya nyumbani alikuwa anaivua mlangoni pamoja na koti. Siku moja tu katika mwaka mzima lugha hiyo inaingia darasani kwa heshima zote, na yeye akatoka akidhani hajui kuisema. Hapo nilijilaumu mimi, kwa sababu barua ya kualika wazazi ilikuja na niliiacha juu ya friji nikijiambia, Desemba wanasoma nini.

Mwaka huu nilijaza fomu siku ileile. Nikaomba ruhusa kazini, nikachukua mkeka wa ukindu alioshona mama yangu, nikaenda. Niliwaomba watoto wavue viatu. Wakapanga mabuti yao ya theluji ukingoni, jozi ishirini na kitu, yakichuruzika maji sakafuni, kisha wakaketi kwa kubanana. Mmoja alipitisha kidole kwenye mshono akauliza mashine gani imeshona hii. Nikamwonyesha vidole vyangu kumi.

Mwalimu alifika kwenye nguzo ya pili akakwama. Akasema waziwazi mbele ya watoto kwamba neno hilo linamshinda, akamgeukia binti yangu: "Utusaidie." Akasimama. Ku-ji-cha-gu-li-a. Darasa zima likafuata, mara ya kwanza ovyo, mara ya tatu vizuri kabisa. Wakajifunza pia kwamba "Habari gani?" ina majibu mawili: siku za Kwanzaa unajibu nguzo ya siku, na ukikutana na mama wa mwenzako dukani unajibu nzuri. Wote wakaniamkia shikamoo kwa zamu. Nikaitika marahaba kila mara, koo likinikaba.

Nimesikia Waswahili wenzangu wakiibeza sikukuu hii. Wanasema babu za Wamarekani Weusi walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati, Kiswahili kinawahusu nini? Wanasema maneno yenyewe wanayakosea: hindi linalowekwa mezani kwa kila mtoto wa nyumba wanaliita muhindi, wakati kwetu Mhindi ni mtu wa India. Sipendi kabisa mazungumzo hayo. Watu hawa walinyang'anywa lugha zao zote. Walipotafuta moja ya kujikusanyia hawakutaka ya kabila moja, wakachagua hii, iliyounganisha makabila kwetu. Ujamaa walilichukua enzi zilezile Mwalimu Nyerere alipokuwa akilifanya kuwa siasa ya nchi, na Azimio la Arusha likafuata Februari 1967. Tunaazima maneno ya Kiarabu, Kireno na Kihindi kila tunapofungua mdomo na hatuombi radhi. Mtu akiazima la kwetu kwa mapenzi, tumkaribishe na tumtamkie polepole.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa grupu, kama mnaweza msiwatoe watoto mapema. Na kama lazima msafiri, ulizeni mwalimu anafundisha nini wiki hizo, maana mambo yote ya darasani yana mlango wa kuingilia nyumbani: theluji, saa, mapishi, sikukuu. Mwachie mtoto akueleze kwa Kiswahili. Atakwama, atachanganya, mpe neno aendelee. Na muwaambie walimu jambo ambalo hawawezi kulijua wenyewe. Mimi niliona kalenda ya Desemba ya darasa ina Hanuka, ile sikukuu ya Wayahudi, Krismasi na Kwanzaa, nikauliza kama kuna nafasi ya tarehe 9, uhuru wa Tanganyika mwaka 1961, na tarehe 12, Jamhuri ya Kenya, kwa kuwa darasani yumo pia mvulana wa Kikenya. Nafasi ilikuwepo. Iligharimu dakika mbili na kalamu ya rangi. Mvulana yule alichora ngao na mikuki yeye mwenyewe.

Kesho ndiyo siku ya mwisho. Ndiyo, kutakuwa na biskuti, na mchana wataangalia sinema. Wamefanya kazi, wale.

Mkeka sijarudi nao. Mwalimu aliomba ubaki kwenye kona ya kusomea mpaka Januari, na binti yangu ameshampa masharti: hakuna kuukanyaga na viatu.