Endagaano ya Shemeji

Mdogo wangu alipojifungua kule Bombo, mama alinipigia simu: nenda ukae naye arobaini. Siku 40 mbali na cherehani yangu! Mimi ni mtu wa mifarishi, yale mablanketi ya kuunga vipande vya vitambaa. Nyumbani kwangu Walukuba, Jinja, vipande vya vitenge viko chini ya kitanda, juu ya kabati, na ndani ya sufuria ambayo mume wangu anadhani ilipotea. Mafundi wa barazani mjini wananijua; nikipita wananirushia mabaki kama kuku anavyorushiwa chenga.

Kwa safari, kazi ni moja tu: pembesita. Unakata karatasi ngumu yenye pande sita, kila upande inchi moja, unaifunika kwa kitambaa, unakunja kingo nyuma, unapiga bandi, yaani mishono ya muda. Saba zikiungana, moja katikati na sita kuizunguka, umepata ua. Haitaki umeme wala meza. Unashona hata ndani ya taksi, mradi dereva anakumbuka breki mapema.

Nilifungasha sindano, subana, uzi, mkasi na mfuko mzima wa vipande. Karatasi nilizokesha nikizikata niliziacha mezani. Nilikumbuka nikiwa Bombo tayari, mtoto begani.

Gazeti ni laini mno, linakunjamana. Nikamwuliza mdogo wangu kama nyumbani mwake hamna karatasi ngumu. Alikuwa ananyonyesha, usingizi umemshika.

“Angalia kwenye kavera, dada.”

Kabatini mlikuwa na kavera mbili, ile mifuko ya plastiki. Moja ilijaa kalenda kuukuu. Mimi nikachukua ya pili. Ndani nilikuta karatasi mbili safi, ngumu, zinalia ukizitikisa. Nyuma tupu, mbele maandishi. Na nikiri: muhuri niliuona. Nikajiambia, siku hizi hata risiti ya chekechea inapigwa muhuri.

Ukibana vizuri, karatasi moja inatoa pembesita 28. Mbili, 56. Maua manane kamili, bila hata moja kubaki! Nilimshukuru Mungu kwa hesabu ile.

Wiki mbili zikapita, mtoto ananenepa, maua yanaongezeka. Ua likikamilika, karatasi ya katikati haina kazi tena, unaivuta. Mama mkwe wa mdogo wangu, tunayemwita Habuba kama wanavyomwita wajukuu zake, alikuwa anaziokota na kuwashia sigiri.

“Zinashika moto vizuri,” alinisifu.

Ijumaa jioni shemeji akatoka chumbani na kavera tupu mkononi.

“Endagaano yangu iko wapi?”

Kama hukai Uganda, endagaano ni yale makubaliano ya kununua kiwanja. Ukiipoteza, kiwanja chenyewe kinaanza kukukana. Na jirani wa shemeji alikuwa amesogeza miti ya mpaka, kesho yake mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, anakuja kuamua.

Nilikuwa nimeshika ua jekundu. Nikaligeuza polepole. Nyuma yake kulikuwa na nusu ya sahihi ya shemeji.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga. Alikaa kwenye mkeka, akaangalia yale maua manane moja moja, kisha nilipochukua mkasi nianze kufumua akaruka: “Shemeji! Usikate tena kitu chochote!”

Basi Jumamosi akaubeba mfarishi wote kama ulivyo, chini ya mfenesi, mbele ya watu. Mwenyekiti akavaa miwani, akaupapasa.

“Mzuri sana. Sasa endagaano iko wapi?”

“Ugeuze, mzee.”

Akaugeuza. Ua la kwanza alilisoma kwa kulizunguka, shingo ikamfuata mpaka ikamkakamaa. La pili maandishi yalikuwa kichwa chini. La tatu nilikuwa nimeweka upande mtupu nje, halikuwa na la kusema. Mwisho akapata namba ya vipimo vya kiwanja.

“Futi ngapi kwa 100?”

Kimya. Ile namba ya kwanza ilikuwa katikati ya ua.

“Hiyo niliichemshia chai,” alisema Habuba.

“Arobaini,” alidakia jirani, ambaye hakuna aliyemwuliza.

Hapo ndipo mwenyekiti alipouona muhuri wake: nusu kwenye ua la manjano, nusu kwenye la bluu, huku na huko kama ndugu waliogombana. Akavua miwani. Muhuri wake, alisema, haugawanywi. Nikaamriwa kufumua palepale. Nikavuta bandi uzi baada ya uzi, nazipanga karatasi kwenye sinia kama mtu anayechambua mchele. Watoto wakajaa. Kuku akakanyaga sahihi ya muuzaji. Jua likatuhamisha mara mbili. Zilitakiwa 48, maana nane zilishakwenda jikoni; nikahesabu 47, nikarudia, 47.

Muuzaji mwenyewe akafika saa saba kwa boda, akasikiliza kisa chote bila kucheka, akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa nakala yake, imekunjwa mara nne.

“Hamsini kwa 100,” akasoma.

“Ulikuwa nayo siku zote hizi?” shemeji akamwuliza.

“Hamkuniuliza.”

Jirani aling'oa miti yake mwenyewe jioni ileile, akinung'unika kwamba haiwezekani mtu ashindwe kesi na blanketi.

Mfarishi niliumaliza siku ya 38, blanketi kuukuu katikati, bitana chini, kingo nimezifunga kwa kitenge cha kijani. Mtoto ameukubali. Ila ukimgeuza usiku, kuna kona inalia kwaru, kwaru. Nimejitolea mara mbili kuifumua. Shemeji amekataa katakata.

“Mwache huyo. Ni shahidi wa pili.”