Hamilton: Kilichorithiwa Jukwaani Si Kufokafoka

Tamthilia ya muziki ya Hamilton, kazi ya Lin-Manuel Miranda iliyoingia Broadway, eneo la kumbi maarufu za maigizo New York, Agosti 2015, husifiwa kuwa ndiyo iliyoipeleka hip hop kwenye kumbi kubwa. Sifa hiyo ina ukweli nusu tu, kwa sababu Miranda huyohuyo alikuwa amekwisha kufokafoka Broadway mwaka 2008 katika In the Heights, na akaondoka na Tuzo ya Tony, tuzo kuu ya maigizo ya Broadway, ya tamthilia bora ya muziki. Kipya safari hii kilikuwa kuwapa waasisi wa taifa la Marekani ulimi wa vijana wa mtaani.

Kipande kinachoonyesha vizuri ufundi huo ni kile cha baraza la mawaziri. Alexander Hamilton, waziri wa fedha, na Thomas Jefferson, waziri wa mambo ya nje, wanabishana iwapo serikali kuu ibebe madeni ya majimbo, mada ambayo darasani ingemsinzisha hata mwalimu. Jukwaani kila mmoja ameshika kipaza sauti, huyu anatupa tungo, yule anazirudisha kwa vina vikali zaidi, na George Washington, rais wa kwanza, yupo kati yao kama mwamuzi. Aliyekulia kwenye malumbano ya washairi hahitaji kufafanuliwa kinachoendelea. Mfalme George wa Uingereza, kwa upande wake, hafokifoki hata mara moja; anaimba pop laini ya kwao, na kwa muziki huo pekee mtazamaji anajua kwamba mapinduzi ya Marekani yamempita.

Kwa mchezo uliopata Tony 11 na Tuzo ya Pulitzer ya uandishi wa tamthilia ya mwaka 2016, mtu angetarajia waigaji wengi. Hawakuonekana. Dear Evan Hansen na Hadestown, zilizotwaa Tony ya tamthilia bora ya muziki mwaka 2017 na 2019, zilitegemea muziki wa aina nyingine kabisa, na nadhani sababu ni ugumu wenyewe: si kila mtunzi anaweza kubana hoja, mzaha na vina kwa kasi ile bila kumpoteza msikilizaji. Kilichopata nguvu zaidi ni ujasiri wa kuwapa waigizaji Weusi, Walatino na wenye asili ya Asia nafasi za watu ambao katika historia walikuwa Wazungu.

Hapo ndipo penye ubishi wa kweli. Mwanahistoria Lyra Monteiro alilalamika kwamba miili ya Weusi imetumika kusimulia habari za Wazungu, huku watumwa wa enzi hiyo wakikosa mhusika wa kuwasemea, na mwandishi Ishmael Reed akatunga mchezo mzima wa kuipinga. Kihistoria wana haki: Washington na Jefferson walimiliki watumwa kwa mamia. Hata hivyo, mwigizaji Mweusi aliyezoea kupewa nafasi ya mtumishi hawezi kuambiwa kwamba kumwigiza rais ni jambo dogo. Naona mlango ulifunguliwa kwa waigizaji kabla ya kufunguliwa kwa habari zao wenyewe, na mpangilio huo ndio kasoro ya urithi huu.

Kuhusu watazamaji, mabadiliko yalikuwa madogo zaidi. Hip hop ilizaliwa kwenye sherehe za vijana wa Bronx, wilaya ya New York, lakini mwaka 2016 viti vya bei ya juu kabisa vya Hamilton vilifika dola 849. Bahati nasibu ya dola 10 iliwapa wachache safu ya mbele. Nyuma yao walikaa waliolipa zaidi ya mara themanini.