Mama mkwe, udi na jumba la Waskoti

Zawadi ilikuwa ya watu wawili. Mke wangu aliishinda kwenye bahati nasibu ya Krismasi kazini kwake Edinburgh: kulala usiku mmoja, pamoja na chakula cha jioni, katika hoteli ya kale ya kitajiri kaskazini mwa Perthshire, huko milimani Uskoti. Akawahesabu hao watu wawili, akapata yeye na mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Tanga. Mimi nilikuwa dereva.

"Na wewe tutakulipia kachumba," akaniambia. Hakudanganya.

Sikulalamika. Aliyeoa Tanga anajua kwamba mama mkwe akishafika, mwenye nyumba huhamia pembeni. Nikajaza mafuta, tukavuka daraja la Queensferry, tukaishika barabara ya A9. Tulipoipita Perth milima ikaanza kutusogelea, na mama mkwe akawa anawakagua kondoo dirishani, huyu wa Idd, yule wa kafara, yule mgonjwa, hadi tulipofika.

Jumba lenyewe ni la mawe ya kijivu, lina minara midogo isiyo na kazi yoyote. Zamani lilikuwa la tajiri mmoja, la kufikia wakati wa kuwinda. Homa hiyo waliikoleza Malkia Victoria na mumewe Albert. Walipolinunua shamba la Balmoral mwaka 1852 na kujenga kasri jipya lililokamilika mwaka 1856, kila Mwingereza mwenye kiwanda akataka naye awe na mnara wake milimani, aje mwezi wa Agosti kupiga ndege na kulungu. Fedha za wajukuu zilipokwisha, majumba mengi ya namna hiyo yakawa hoteli. Vichwa vya kulungu vikabaki ukutani.

Mama mkwe alisimama chini ya kimoja, akakitazama kwa muda.

"Hawa walichinjwa au walipigwa risasi?"

"Risasi, mama."

"Wote?"

"Wote."

"Basi leo nyama sili."

Kijana wa mapokezi alikuwa amevaa kilti, ile sketi ya kiume ya Waskoti. Mama mkwe alimjibu kila alichouliza huku ameyakaza macho darini. Kijana alipotangulia ngazini na mabegi, nikamsikia akimnong'oneza binti yake: "Mtoto wa watu magoti nje na baridi yote hii. Mamake hayupo?"

Chumba chao kilikuwa na kitanda cha nguzo nne chenye mapazia, na dirisha la kutazama ziwa. Changu kilikuwa juu kabisa, chini ya paa, walikokuwa wakilala vijakazi enzi hizo. Dari ililala hivi kwamba mtu wa kimo changu aliweza kusimama wima mahali pamoja tu, na hapo pamoja walikuwa wamepaweka kiti. Bafu nilipewa la peke yangu, ila lilikuwa ng'ambo ya ujia. Mlango wa chumba hujifunga wenyewe ukitoka, kijana wa kilti alinieleza hilo kwa adabu, nami nikawa nashughulika kutojigonga kichwa.

Chakula cha jioni kiliitwa kwa upatu. Walileta kwanza hagisi, ambayo ni moyo, ini na mapafu ya kondoo, yakikatwakatwa na vitunguu, mafuta na unga wa oti, kisha vikapikwa ndani ya tumbo la kondoo mwenyewe. Mama mkwe alisikiliza maelezo yote, akatikisa kichwa kwa heshima ya mpishi kwa mpishi, akaagiza samaki. Mwisho ukaja mchanganyiko wa krimu, asali na matunda mekundu kwenye glasi. Mama mkwe alikuwa ameshakipeleka kijiko kinywani mke wangu alipokumbuka kwamba Waskoti hicho hukitia wiski. Kijiko kilirudi mezani kimejaa vilevile.

Kilichobaki ilikuwa kungoja magharibi. Mwezi wa Juni kule jua huzama mnamo saa nne usiku. Mama mkwe akakaa dirishani na tasbihi yake, analitazama jua, jua nalo linamtazama.

"Jua gani hili lisilojua kwao?" akauliza. Nikaaga, nikapanda kuoga.

Beseni lilikuwa la chuma, lina miguu ya simba. Nikafungua bomba, yakatoka maji ya rangi ya chai kavu. Nikayaacha yatiririke, rangi ikazidi kukolea. Nikarudi chumbani, nikapiga simu mapokezi, nikasema kwa sauti ya mteja aliyelipa kwamba mabomba yao yameoza. Yule kijana akacheka kidogo. Akasema maji yanatoka mlimani, yanapita kwenye udongo mweusi wa majani yaliyolowa na kuoza kwa maelfu ya miaka, udongo ambao wakulima wa huko huukata, wakauanika na kuuchoma badala ya kuni. Rangi ni ya udongo huo, maji ni safi, wiski nyingine hutengenezwa kwa maji kama hayo hayo. Nikaona bora nisimwambie mama mkwe kwamba ananawia udhu maji ya aina hiyo.

Nikaingia. Na raha ya maji yale, jamani, siwezi kuieleza. Taulo kubwa nilikuwa nimelitandaza sakafuni nisiuchafue ubao wa watu wa karne ya 19. Nilikuwa nimeshafumba macho kengele ilipolia.

Hiyo kengele haikulia kwenye jengo, ililia ndani ya meno yangu. Nikaruka. Taulo kubwa limelowa chapachapa. Nikajifunga dogo, lile la uso, lililonizunguka kwa shida na kuacha pengo upande wa kushoto. Nikakimbilia chumbani kuchukua suruali. Mlango umejifunga. Ufunguo uko ndani, juu ya kile kiti.

Nilishuka ngazi zote nikitembea kwa upande, ubavu wangu wa kushoto ukisugua ukuta.

Nje kwenye majani wageni walikuwa wamekwisha kusanyika. Kulikuwa na msafara mzima wa harusi ya kesho yake, wanaume wa kilti, mabibi wa nguo za kulalia, na bibi harusi mwenyewe kichwani ana mashine za kukunja nywele. Bado kulikuwa na mwanga mbinguni, upepo umekufa kabisa. Anayelijua eneo lile atakuwa ameshaelewa kinachofuata. Visubi! Wa huko ni wadogo hata huwaoni mmoja mmoja, huona wingu tu. Upepo ukivuma kidogo hawaruki, ukitulia jioni wanakuja wote, na wanaouma ni majike. Watu wakaanza kujipiga makofi usoni, shingoni, miguuni. Mimi mkono mmoja uko mbele, mmoja uko kushoto. Mwenye taulo hajikuni.

Ndipo mlango mkubwa ukafunguka akatoka mama mkwe. Hakukimbia. Alikuwa amejitanda kanga, na mkononi amebeba chetezo kinachofuka moshi, akapita mbele ya msimamizi aliyekuwa akihesabu wageni na karatasi yake.

"Moto uko wapi?" akatuuliza.

Magharibi iliingia, na magharibi ikiingia nyumba hufukizwa udi. Hivyo ndivyo alivyolelewa, na bahari au milima haikumbadilishia kitu. Chetezo kilisafiri kutoka Tanga kimeviringwa ndani ya mtandio, makaa ya vidonge yakiwa kwenye kopo la majani ya chai. Kukiacha chumbani kinawaka hakutaka, kuna zulia.

Mke wangu akanitazama mimi, akamtazama mama yake, kisha akafanya jambo ambalo sitalisahau: akavua kanga yake ya juu akanirushia bila neno. Mama mkwe akageukia ziwani. Nikajifunga haraka. Ilikuwa imeandikwa "Nani kama mama", na maandishi yakakaa nyuma.

Mzee mmoja wa kilti akanisogelea, akaitazama kwa makini ya mtu anayejua vitambaa. Kwao mistari na rangi za kilti huweza kuonyesha ukoo. Akauliza hizi zangu ni za ukoo gani.

"Wa mke wangu," nikamjibu.

Akatikisa kichwa kama aliyeoa pia.

Wakati huo watu walikuwa wamegundua kwamba kumzunguka mama mkwe hakuna kisubi hata mmoja. Wakaanza kusogea, kwanza kwa aibu, kisha kwa kusukumana. Kikosi cha zimamoto kilipofika kutoka kijijini, kikiwa na yule bwana aliyetuuzia mafuta mchana akiwa sasa na kofia ya chuma, kilikuta hoteli nzima imebanana kwenye moshi wa udi wa mawardi, na mama mkwe katikati akigawa zamu. Bwana wa mafuta akavuta pumzi, akaandika kitu, akauliza unapatikana wapi.

Hoteli ilituomba kwa adabu tusichome tena kitu chumbani. Mama wa bibi harusi naye asubuhi akaja na gauni mikononi, akitaka lifukizwe kama walivyofukizwa wao. Likafukizwa, uani, juu ya mgongo wa kiti. Mimi nilikunywa uji wao wa chumvi nikiwa meza ya mbali.

Njiani kurudi mama mkwe akapiga simu kwa ukoo mzima, sauti imefunguliwa garini. Tanga wakaunganishwa, Mombasa wakaunganishwa, Maskati wakaunganishwa. Katika kisa chake kengele ililia yenyewe, Wazungu wakavamiwa na wadudu, naye akawaokoa.

"Na mkwe wetu alikuwa wapi?" akauliza shangazi wa Mombasa.

"Alitoka na taulo."

Kimya kikapita. Kisha mjomba wa Maskati, kwa sauti ya mtu aliyeshika kalamu, akauliza: "Kubwa au dogo?"

"Dogo," akasema mama mkwe.