Inzi wa matunda na mafunzo ya watafiti wa ubongo Afrika

Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010, shirika la TReND in Africa limekuwa likiendesha kozi za sayansi ya neva kwa watafiti wa bara hili, na zile za awali zilifanyika Ishaka, magharibi mwa Uganda, katika kampasi ya Kampala International University. Msingi wa kozi hizo ulikuwa inzi wa matunda, pamoja na vifaa vya maabara ambavyo michoro yake iko wazi kwa yeyote mwenye printa ya 3D. Wapo wasomi wanaouona utaratibu huu kuwa ni kugawiwa makombo, kwamba wenzetu wachunguze ubongo wa binadamu kwa mashine za MRI, nasi tufundishwe kufuga inzi.

Lawama hiyo ina uzito. Utafiti wa kifafa uliofanyika Kilifi (Kenya), Ifakara (Tanzania), Iganga (Uganda), Agincourt (Afrika Kusini) na Kintampo (Ghana), ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2013, uliwafikia wananchi majumbani mwao kwa utaratibu uliofanana katika vituo vyote vitano, ukaonyesha uhusiano wa ugonjwa huo na maambukizi ya vimelea na matatizo ya wakati wa kuzaliwa. Hakuna inzi ambaye angetoa jibu hilo.

Hata hivyo, wanaolaumu hukosea wanapodhani kwamba inzi ni sayansi ya daraja la pili. Tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2017 ilitolewa kwa waliogundua jinsi saa ya ndani ya mwili inavyoendeshwa, na kazi yao ilifanywa kwa inzi huyuhuyu. Mwezi Oktoba 2024, mradi wa FlyWire ulitangaza ramani kamili ya ubongo wa inzi jike aliyekomaa: seli za neva 139,255, na miunganiko inayozidi milioni 50. Ubongo wa binadamu haujachorwa kwa ukamilifu wa namna hiyo popote duniani. Ramani hiyo iko wazi, kwa hiyo mwanafunzi wa Ishaka mwenye kompyuta na intaneti anaweza kufuata mnyororo wa seli kutoka jichoni hadi katikati ya ubongo, kwa data ileile inayotumiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, kisha akalijaribu wazo lake kwa inzi anaowalisha unga wa mahindi, sukari na hamira. Katika tawi gani jingine la sayansi hii mtafiti wetu anasimama karibu hivyo na mstari wa mbele?

Vifaa navyo vimeshuka bei. FlyPi, hadubini iliyobuniwa na watu wa TReND na kuelezwa mwaka 2017, iliweza kuundwa kwa chini ya euro 100 katika umbo lake la msingi, na ikiharibika, aliyeiunda anajua pa kuigusa. Linganisha na mashine ya msaada inayolala miaka chini ya turubai kwa sababu fundi wake yuko ng'ambo.

Linalonisumbua mimi ni jambo ambalo pande zote mbili hulipita haraka. Kwa kawaida inzi wa matunda hawahifadhiwi kwa kugandishwa kama mbegu za ng'ombe. Kila ukoo, yaani kundi la inzi wenye jeni za aina moja, lazima uhamishiwe chakula kipya kila baada ya wiki chache, mwaka mzima, likizo na migomo ikiwamo. Mtunzaji akiondoka, koo hufa, na kuziagiza upya kutoka kituo cha koo za inzi cha Bloomington, Indiana, Marekani, kunadai vibali, gharama za usafiri na kusubiri. Kozi ya wiki mbili au tatu inaweza kumwandaa mtafiti vizuri sana, lakini kazi yake ikakatika kwa kukosa mshahara wa fundi mmoja wa maabara. Wafadhili hulipa tiketi za ndege za wakufunzi kwa wepesi zaidi kuliko wanavyolipa mshahara huo, na vyuo vyetu navyo havijaiweka nafasi hiyo katika bajeti zao. Hapo ndipo lawama ingepaswa kuelekezwa, kwa sababu chumba kimoja cha koo chenye mtunzaji wa kudumu, kikigawia maabara za Uganda, Kenya na Tanzania, kingewafaa wahitimu wa kozi hizi kuliko kozi nyingine kumi.