Zima sauti, kisha uniambie kama zote ni moja

Maneno haya yanasemwa mitaani kwetu, Birere na Katindo, yanasemwa na watu wazima wenye akili timamu: filme za action zote ziko sawa, bandi anakosea, akteri anakasirika, nyumba inawaka. Safari hii yamesemwa na watu wanaotengeneza filamu hapa hapa Goma, wakijitetea baada ya filamu yao fupi kupokelewa vibaya. Eti action ni action, kilichopungua ni pesa. Kauli hiyo inaniudhi kuliko filamu yenyewe. Inawafungia vijana wenye kipaji mlango wa kujifunza, na tena si kweli. Pesa inaongeza ukubwa wa moto na idadi ya magari yanayopinduka. Haimfanyi mtu aikumbuke filamu miaka kumi baadaye.

Chukua The Raid ya mwaka 2011. Kisa chake kinaenea kwenye sentensi moja: kikosi cha polisi kinaingia jengo la ghorofa jijini Jakarta kumkamata mkubwa wa mabandi, njia ya kutoka inafungwa, wanapigana ghorofa kwa ghorofa. Realizateri, yaani mwongozaji wa filamu, Gareth Evans, ni mtu wa Wales. Iko Uwais na Yayan Ruhian, wapiganaji wake wakuu, ni watu wa silat, mapigano ya jadi ya Indonesia, ambao nje ya Indonesia walikuwa hawajulikani sana. Bajeti ilikuwa kama dola milioni 1.1, fedha ambazo studio kubwa ya Marekani isingekubali hata kuanza nazo kazi ya namna hiyo. Na bado, ukionyeshwa nusu dakika yake kutoka katikati, bila jina, unaijua. Unaijua kwa sababu unaona kila kitu: mguu umetokea wapi, goti limetua wapi, mlango uko umbali gani, nani bado amesimama.

Hapo ndipo tofauti ilipo. Filamu ya action inajitenga na nyingine pale kamera inapokuruhusu kujua nani yuko wapi, anataka kufika wapi, na mwili wake unalipa nini njiani. Ukali wa bandi, muziki, milipuko, magari ya bei, yote hayo yanasaidia, na kila mtu ameshayaongelea.

Sisi tuna kipimo chetu cha jambo hili. Kwenye sine za mtaani mfasiri anaongea juu ya filamu tangu mwanzo hadi mwisho, kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda. Mazungumzo ya asili yanafunikwa, muziki unabaki nusu. DJ Afro wa Kenya na ma-VJ wa Kampala wamejenga kazi nzima kwa njia hiyo, na wanaijua kazi yao. Lakini sikiliza mfasiri anafanya nini wakati wa mapigano. Filamu ikiwa nzuri, anatania, anamsifu akteri, anampa bandi jina la mtu wa mtaani, kwa sababu ukumbi umeshaelewa na yeye yuko huru kucheza. Filamu ikiwa mbovu, analazimika kueleza: huyu amempiga yule, hapana, yule mwingine, sasa ndiye yuko chini. Mfasiri anapofikia kutaja nani kampiga nani, realizateri ameshindwa kazi yake.

Mfano unaojulikana duniani kote ni Taken 3 ya mwaka 2014. Akteri anakimbia na kuruka uzio wa waya. Tukio linachukua kama sekunde 6, na ndani yake kuna plani karibu 15, yaani vipande vya picha kati ya mkato mmoja na mwingine. Mkono, waya, mguu, uso, waya tena, mgongo. Liam Neeson alikuwa ameshapita miaka 60, na kwa macho yangu montaji, yaani kazi ya kukata na kuunga picha, ilipewa kazi ya kuficha kile ambacho mwili haukuweza. Sasa angalia filamu fupi zinazopandishwa kutoka Goma na Bukavu: vijana wa miaka 20, wanaojua karate na judo tangu utotoni, wanaoweza kuruka ukuta kweli, wanakatwakatwa vivyo hivyo na kamera inatikiswa juu yake. Wana kitu cha kuonyesha, nao wanakificha wenyewe. Hilo linauma.

Wengine wakishaliona hilo wanaruka upande wa pili na kusema kosa ni mikato ya haraka. Siyo. The Bourne Ultimatum ya mwaka 2007, kwa wastani, kila plani inakaa sekunde 2 hivi. Mad Max: Fury Road ya mwaka 2015, iliyopigwa kwa sehemu kubwa kwenye jangwa la Namibia, ina plani kama 2,700 ndani ya dakika 120, yaani chini kidogo ya sekunde 3 kila moja. Kwa kasi ni jamaa wa karibu. Lakini kwenye ile ya pili magari kadhaa yanakimbia pamoja, watu wananing'inia kwenye nguzo, vumbi limejaa, na hupotei hata mara moja.

Sababu yake ni ya kiufundi na mtu yeyote anaweza kuitumia kesho. George Miller na mpiga picha wake John Seale waliweka kitu muhimu katikati ya kadri, yaani fremu ya picha, plani baada ya plani: macho ya akteri, mdomo wa bunduki, mkono unaoshika usukani. Mkato ukija, jicho halihami. Kwa kawaida jicho huhitaji karibu moja ya tano ya sekunde kabla halijahamia mahali papya. Kwa picha 25 kwa sekunde, hizo ni picha 5. Kama plani yako ina picha 20 na umemweka mpiganaji pembeni kushoto baada ya plani ambayo alikuwa kulia, robo ya plani imekufa mtazamaji akitafuta. Rudia hivyo mara 30 na ukumbi umechoka bila kujua kwa nini. Margaret Sixel, aliyefanya montaji, alikuwa na karibu saa 480 za picha mbele yake, na kazi hiyo ilimpa Oscar. Tena Miller na wachoraji wake walikuwa wamechora kama picha 3,500 kabla ya kupiga. Plani ikiwa ngumu kueleweka, waliipunguza kasi kidogo. Ikiwa rahisi mno, waliiharakisha.

Nakubali kwa shingo upande kwamba Bourne nayo ina haki yake. Christopher Rouse alipata Oscar ya montaji kwa filamu hiyo. Mtikisiko wake una kazi, kwa sababu mtu anawindwa na hana pa kutulia, na chini ya mtikisiko huo mapigano yamepangwa hatua kwa hatua. Walioiga walichukua mtikisiko wakaacha mpango.

Halafu kuna Hong Kong, na hapa ndipo vijana wetu wangeanzia. Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa kwenye shule moja ya opera ya Kichina, wakifundishwa sarakasi na mapigano tangu utotoni. Mwili wa namna hiyo haufichwi. Kamera inarudi nyuma mpaka mtu aonekane kuanzia kichwani hadi miguuni, inatulia, na pigo linaanza na kumalizika ndani ya plani moja. Ujanja uko kwenye pigo kubwa. Plani pana inaonyesha ngumi ikifika. Plani ya karibu inayofuata haianzii pale ile ilipoishia, inarudi nyuma picha 2 au 3, hivyo jicho linapokea pigo lilelile mara mbili bila kugundua. Ndiyo maana ngumi zao zina uzito. Wengi wetu tunafanya kinyume: tunakata kabla ngumi haijafika, kisha tunaonyesha mtu ameshaanguka, na pigo lenyewe halijatokea popote. Kwenye Police Story ya mwaka 1985 Jackie Chan anateleza juu ya nguzo iliyozungushiwa taa ndani ya duka kubwa, mikono ikaungua kweli, na montaji inairudia kutoka pembe tofauti ili usibaki na shaka.

Mkondo huo unafuatika. The Matrix ya mwaka 1999 ilimwita Yuen Woo-ping kutoka Hong Kong, na waigizaji wakafanya mazoezi kama miezi 4 kabla ya kazi. Aliyekuwa kaskaderi wa Keanu Reeves pale, yaani aliyemfanyia matukio ya hatari, Chad Stahelski, ndiye baadaye aliyetuletea John Wick mwaka 2014: plani ndefu, judo halisi, na bunduki inayoishiwa risasi. Akteri anabadilisha magazini mbele yako, na wakati anabadilisha yuko hatarini. Die Hard ya mwaka 1988 ilipata uhai wake kwa jambo dogo kama hilo, mtu asiye na viatu na sakafu iliyojaa vioo. Ndiyo maana nasema mwili lazima ulipe.

Plani ndefu nayo isiabudiwe. Lile pigano la kwenye korido katika Oldboy ya mwaka 2003 lilichukua siku 3 za kupiga, na linaishi kwa sababu akteri anachoka mbele yetu, anaegemea ukuta, anakosa shabaha. Plani ya dakika 3 ambamo hakuna anayechoka ni mazoezi ya kamera tu.

Sasa kwa wanaopiga kwa simu hapa Goma.

Lenzi kuu ya simu ni pana, na lenzi pana inafichua nafasi kati ya ngumi na uso. Tumia ile ya kukuza mara 2 na urudi nyuma kwa miguu. Umbali unabanwa, na ngumi inayopita sentimita 20 au 30 mbele ya uso inaonekana imegonga. Kamera isimame nyuma ya bega la mmoja wao, ngumi na uso viwe kwenye mstari mmoja na lenzi. Anayepigwa ageuze kichwa kuelekea ngumi inakokwenda, kwa wakati uleule. Kosa kubwa kuliko yote ni kuchelewa kuitikia, na hakuna sauti ya ngumi inayoweza kulirekebisha. Chagua upande mmoja wa wapiganaji na ubaki huo. Ukivuka mstari kati yao, wa kushoto anageuka wa kulia na ukumbi unadhani ameingia mtu mwingine.

Kwa picha 25 kwa sekunde, weka shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, kwenye 1/50 ya sekunde. Ukiiachia simu ijiamulie saa sita mchana, itapanda hadi 1/1000 au zaidi na mwendo utakuwa wa kukatika. Asiye na kioo cheusi cha kupunguza mwanga apige asubuhi mapema au kivulini. Kuharakisha mapigano kwenye montaji kunaruhusiwa hadi asilimia 8 au 10. Zaidi ya hapo nguo na vumbi vinakusaliti. Plani ya kufuatana na mtu anayekimbia inapigwa vizuri juu ya chukudu, ile skuta yetu ya mbao ya kubebea mizigo, mradi iwe kwenye lami na mmoja asukume huku mwingine ameshika kamera kwa mikono miwili. Kwenye mawe ya volkano usijaribu.

Na hayo mawe ndiyo hatari yetu halisi. Kuanguka kwenye lava iliyoganda si sawa na kuanguka kwenye udongo wa Bukavu. Inachana ngozi na kuvunja mkono. Safisha uwanja kwanza, kisha panga makartoni matupu mistari miwili au mitatu, yafungwe kwa kamba yasisambae, pembe zikatwe ili hewa itoke, juu yake godoro. Kartoni zinapobonyea ndizo zinazomeza nguvu ya anguko. Godoro peke yake juu ya jiwe halitoshi. Mazoezi yaanze kwa nusu ya kasi, kwa vipande vya pigo 5 hadi 8, na siku ya kupiga mtu yeyote asiende haraka kuliko alivyozoea.

Limebaki la bunduki. Mji uliosikia mapigano ya Januari 2025, M23 ilipouteka, haudanganyiki kwa sauti. Silaha ikipigwa mbali, kwanza unasikia mpasuko wa risasi inayopita, kisha mshindo wa bunduki yenyewe; sauti inasafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo ukiona moto umbali wa mita 700 mshindo unakufikia baada ya sekunde 2. Filamu inayogandisha vyote pamoja inapoteza watazamaji wa hapa papo hapo. Magazini ya kawaida ya AK ina risasi 30, na hapa kuna watoto wanaojua hivyo. Hesabu.

Lakini zaidi ya hesabu, nawaomba, bunduki ya mbao au ya plastiki isitoke barabarani. Askari aliye mbali hawezi kujua ni ya mbao, wala hana sababu ya kusubiri ajue. Pigieni ndani ya uwa uliofungwa, majirani na shefu wa kartie wameambiwa siku moja kabla, silaha zote zimehesabiwa na kuingizwa kwenye mfuko kabla geti halijafunguliwa. Au ziondoeni kabisa kwenye kisa. The Raid nayo inaanza kwa bunduki, risasi zinakwisha, na sehemu zake nzuri kuliko zote ni zile zinazofuata, za visu, mapanga na mikono mitupu.