Kanuni za kompyuta shuleni: mwanafunzi ametia saini, na shule je?

Mwanzoni mwa mwaka wa masomo mwanafunzi hukabidhiwa karatasi ya kanuni za matumizi ya kompyuta na intaneti. Yaliyomo yanafanana karibu kila mahali: usitumie nenosiri la mwenzako, usipakue programu bila ruhusa, usifungue tovuti chafu, usimtukane mtu mtandaoni, usinakili kazi ya mwingine ukaiita yako, usiguse mipangilio ya mashine. Chini kabisa kuna mstari wa saini ya mwanafunzi na mwingine wa mzazi au mlezi. Juu kidogo ya mistari hiyo, mara nyingi, pana sentensi moja fupi: shule ina haki ya kufuatilia matumizi yote ya vifaa na mtandao wake wakati wowote.

Sentensi hiyo hupita bila kuulizwa. Mijadala ya kanuni hizi huzunguka kwenye makatazo: yawe makali kiasi gani, YouTube ifungwe au iachwe, anayevunja asimamishwe siku ngapi. Mwanafunzi anayehoji huonekana anatafuta mwanya wa kucheza michezo darasani. Wapo wanaoutafuta, na hakuna mwalimu asiyewajua. Ila wakipewa nafasi ya kusema, lipo jambo jingine wanaloliuliza, nalo ni zito zaidi: nani anaona ninachokifanya, anakihifadhi kwa muda gani, na nikituhumiwa nitajieleza kwa nani? Karatasi waliyoitia saini haina jibu hata la swali moja kati ya hayo.

Upande wa shule una hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Mwalimu mmoja wa TEHAMA husimama mbele ya skrini arobaini na hawezi kuziangalia zote. Mtandao wenyewe ni mmoja: mtoto mmoja akipakua filamu, darasa zima linakwama na ofisi inashindwa kutuma matokeo. Programu moja yenye kirusi huweza kuangusha mashine zote za maabara. Mtoto akitongozwa na mtu mzima asiyemfahamu kwa kutumia kompyuta ya shule, wa kwanza kuulizwa ni mkuu wa shule. Na kuna sheria. Marekani, kwa mfano, ilipitisha mwaka 2000 sheria ya kuwalinda watoto mtandaoni iitwayo CIPA: shule inayotaka punguzo la gharama za intaneti kutoka mfuko wa serikali kuu lazima iweke kichujio cha kuzuia picha za ngono na iwe na sera ya maandishi ya usalama mtandaoni. Mkuu wa shule anayeandika kanuni kali anajua kwamba asipoziandika, lawama zitamwangukia yeye.

Hayo nayakubali bila kinyongo. Lakini sheria hiyohiyo, ambayo hutajwa kila mtu anapotaka kutetea ufuatiliaji, ina vifungu viwili vinavyosahaulika. Kwanza, inaitaka shule itoe taarifa na kuitisha angalau mkutano mmoja wa hadhara kuijadili sera kabla ya kuipitisha. Pili, inasema wazi kwamba hailazimishi mtu yeyote anayetambulika, mtoto au mtu mzima, afuatiliwe matumizi yake ya intaneti. Kichujio ni lazima, sera ni lazima, mazungumzo na wazazi ni lazima. Kuweka kumbukumbu ya kila alichokitafuta mtoto fulani ni uamuzi wa shule yenyewe, na mwenye kuamua hupaswa kueleza sababu zake.

Athari ya kumbukumbu kama hizo zisizo na maelezo inaonekana vizuri kwenye kompyuta inayotumiwa na wengi. Kipindi kinaisha, kengele inalia, mwanafunzi wa kwanza anasahau kufunga akaunti yake. Anayefuata anakaa, anakuta kila kitu kiko wazi, anaandika neno la kipuuzi kwenye sehemu ya kutafutia ili awachekeshe wenzake. Kumbukumbu za seva zinaonyesha jina la yule wa kwanza. Karatasi inasema mwenye akaunti ndiye anayewajibika kwa yote yanayofanyika ndani yake. Wa kwanza anaitwa ofisini, anasema hakuwa yeye, anaonyeshwa saini yake. Kwa mantiki ya kanuni kesi imekwisha. Kosa alilolifanya ni kusahau kufunga akaunti, adhabu anayoipata ni ya aliyetafuta uchafu, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba anaweza kuomba saa iliyorekodiwa ilinganishwe na ratiba ya vipindi. Mstari mmoja tu wa nyongeza ungemwokoa.

Sasa tuje kwenye tukio ambalo naamini kila bodi ya shule ingepaswa kulisoma kabla ya kuandika neno "wakati wowote". Wilaya ya shule za Lower Merion, katika jimbo la Pennsylvania, iliwagawia wanafunzi wake wa sekondari kompyuta mpakato zipatazo 2,300. Ndani yake kulikuwa na programu ya kuzitafuta zikiibwa. Ikiwashwa, ilipiga picha kwa kamera ya kompyuta kila baada ya dakika kadhaa, ikachukua na picha ya skrini, ikazituma kwenye seva ya wilaya. Februari 2010 familia moja ilifungua kesi. Mtoto wao alikuwa ameitwa na kiongozi wa shule na kutuhumiwa kwa jambo lililotokana na picha iliyopigwa akiwa chumbani kwake, nyumbani. Kwa maelezo ya familia, vilivyodhaniwa kuwa vidonge vya kulevya vilikuwa peremende.

Uchunguzi ulioagizwa na wilaya yenyewe ulikuta kwamba mfumo ule ulikuwa umekusanya picha zaidi ya 50,000 katika muda wa kama miaka miwili. Idadi hiyo ilitangazwa sana, na haki inanidai niseme kwamba sehemu kubwa yake ilitoka kwenye mashine zilizoibwa kweli. Lakini nyingine zilitoka kwenye mashine zilizokwisha kupatikana na kurudishwa mikononi mwa wanafunzi, huku ufuatiliaji ukiwa haujazimwa. Uchunguzi haukupata ushahidi kwamba wafanyakazi walikusudia kuwachungulia watoto, na Agosti mwaka huo waendesha mashtaka wa serikali kuu walisema hawatamshtaki mtu. Oktoba wilaya ikakubali kulipa dola 610,000 kumaliza kesi mbili za wanafunzi.

Kinachonikaa moyoni katika habari hii ni kwamba hakuna mhalifu ndani yake. Wangekuwa watu wabaya, tungesema wafukuzwe, mambo yaishe. Walikuwa mafundi na viongozi wa kawaida wenye sababu nzuri, yaani kutafuta mali ya umma iliyopotea. Walichokikosa ni kanuni iliyowafunga wao: nani ana mamlaka ya kuwasha kamera, kwa ombi la nani, kwa muda gani, nani anaandika kwamba imezimwa, na mzazi anaambiwa lini. Mwanafunzi alikuwa na kurasa za wajibu wake. Fundi hakuwa na mstari hata mmoja wa wajibu wake, na familia hazikuwa zimeambiwa rasmi kwamba kamera inaweza kuwashwa kutoka mbali. Picha 50,000 zilizaliwa katika pengo hilo.

Tangu wakati huo vifaa vimeongezeka, na wanaotazama si shule peke yake. Mei 2022 shirika la Human Rights Watch lilitoa uchunguzi wa programu na tovuti za kujifunzia zaidi ya 160 ambazo serikali za nchi 49 zilizipendekeza kwa watoto wakati wa janga la UVIKO-19. Asilimia 89 zilikuwa na namna ya kushughulikia taarifa za watoto iliyohatarisha au kukiuka haki zao, na nyingi zilipeleka taarifa hizo kwa kampuni za matangazo. Hizo ni programu zilizopendekezwa na serikali, ambazo mtoto hakuwa na hiari nazo kwa sababu ndizo zilizokuwa darasa lake. Karatasi inamwonya asitoe taarifa zake binafsi kwa wageni mtandaoni. Kazi yake ya nyumbani inampeleka huko huko kwa wageni, kwa maagizo ya mwalimu.

Kuhusu vichujio nitasema machache. Havikwepeki, na kwa watoto wadogo siwezi kuvipinga. Ila hufunga kwa makundi ya tovuti na kwa maneno, na havimjui aliyekaa kwenye kiti. Mwanafunzi anayeandika insha kuhusu mauaji ya kimbari anakutana na ukurasa uliofungwa kwa sababu ya "ukatili". Mwingine anasoma kuhusu saratani ya matiti anaambiwa ametafuta maudhui ya watu wazima, na pengine jina lake linaingia kwenye orodha. Mwaka 2003 Mahakama ya Juu ya Marekani ilipokubali CIPA itumike kwenye maktaba za umma, moja ya mambo yaliyopewa uzito ni kwamba mtu mzima anaweza kumwomba mkutubi amwondolee kizuizi. Mtu mzima amepewa mlango wa kugonga. Mwanafunzi anapaswa apewe wake: amwombe nani tovuti ifunguliwe, na ajibiwe kabla siku ya kukusanya insha haijafika.

Hoja iliyo ngumu zaidi upande wa ufuatiliaji ni ile ya mtoto anayeandika usiku, kwenye kishikwambi cha shule, kwamba hataki kuishi. Programu za siku hizi zinaweza kulitambua neno hilo na kutuma tahadhari. Nani atasema tahadhari hiyo isitumwe? Sitasema mimi. Ninachouliza ni inamfikia nani. Ikiishia kwenye barua pepe ya fundi wa mtandao ambayo hufunguliwa asubuhi, haikumsaidia mtoto usiku ule. Ikimfikia mwalimu wa nidhamu badala ya mshauri nasaha, mtoto atahojiwa kabla ya kusikilizwa, na wenzake wakijua hilo watanyamaza. Usiri wa mfumo unaharibu kazi ambayo mfumo uliwekewa. Mtoto anayejua kwamba maneno yake yatamfikia mama mshauri aliye ghorofa ya pili ana sababu ya kuyaandika. Asiyejua yanakwenda wapi atajifunza kuyafuta.

Mipaka ya mahali nayo inahitaji kuandikwa. Juni 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 8 kwa 1, iliamua kwamba shule moja ya Pennsylvania ilikosea kumwadhibu mwanafunzi kwa matusi aliyoyaweka Snapchat mwisho wa wiki, akiwa nje ya shule. Haikusema shule haina mamlaka kabisa nje ya geti: uonevu mkali na vitisho dhidi ya walimu au wanafunzi vilibaki ndani ya uwezo wake. Ilisema mamlaka hayo hupungua mtoto akiwa mikononi mwa wazazi wake. Kanuni nyingi bado zinazungumza kana kwamba hayapungui.

Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ulioridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa isipokuwa Marekani, unaweka faragha kwenye ibara ya 16 na upatikanaji wa habari kwenye ibara ya 17, na ibara ya 12 inampa mtoto haki ya kusikilizwa katika mambo yanayomhusu. Mwaka 2021 kamati inayosimamia mkataba huo ilitoa Maoni ya Jumla namba 25 kueleza kwamba haki hizo zinamfuata mtoto mtandaoni. Kwa nchi zilizouridhia, karatasi ya kanuni isiyosema lolote juu ya faragha ya mtoto iko nyuma ya ahadi za nchi yenyewe.

Kwa hiyo sipendekezi kufuta ukurasa wa kwanza. Makatazo yabaki, yapunguzwe tu yawe ya kusomeka na mtoto wa miaka kumi na miwili, na yahuishwe, maana yaliyoandikwa kabla ya akili unde kuingia madarasani hayasemi lini msaada wake ni kujifunza na lini ni udanganyifu. Ninachopendekeza ni ukurasa wa pili, wa wajibu wa shule. Useme ni kumbukumbu gani zinawekwa na zinafutwa baada ya muda gani. Useme ni cheo gani kinachoruhusiwa kuzifungua, na kwamba kila ufunguaji unaandikwa tarehe na sababu. Useme kamera na kipaza sauti cha kifaa kilichopelekwa nyumbani havitawashwa kutoka mbali. Utaje programu za nje zinazotumika na taarifa zinazozichukua. Useme mwanafunzi anayetuhumiwa ataonyeshwa ushahidi na atasikilizwa kabla ya adhabu, mzazi wake akiwepo.

Walimu wa TEHAMA wanaposikia orodha hii husema ni kazi ya ziada kwao, na wana haki ya kulalamika. Kuandika kila kumbukumbu iliyofunguliwa kunachukua muda ambao hawana, na kuzichambua sera za faragha za programu ishirini si kazi ya mtu mmoja anayefundisha pia hesabu. Muda huo inabidi bodi iutenge na kuulipia, kama ilivyolipia vichujio. Bodi ikikosa uwezo wa kulipia usimamizi wa kumbukumbu, basi ipunguze kumbukumbu zinazowekwa mpaka zifikie kiasi inachoweza kukisimamia. Mkuu wa shule atie saini ukurasa huo wa pili wiki ileile wanafunzi wanapotia saini wa kwanza, na kila mzazi apewe nakala ya kurasa zote mbili.