Ukienda misheni, kubali kwanza kuwa mgeni

Jumapili nilisikiliza ripoti ya timu iliyorudi kutoka misheni nje ya nchi. Mikono iliyoinuliwa ilihesabiwa, Biblia zilizogawiwa zikahesabiwa, mikutano ikahesabiwa. Nikangoja nisikie jina la mtu mmoja tu aliyewapokea. Wapi! Hata mkalimani aliyesimama nao jukwaani kila jioni, ambaye bila yeye mahubiri yote yangekuwa kelele, aliitwa "yule ndugu wa kule". Nimekaa na hasira tangu siku hiyo.

Bwana Yesu alipowatuma wale sabini, katika Luka 10, aliwazuia kubeba mfuko wala mkoba. Walitakiwa kukaa katika nyumba iliyowapokea, kula walichoandaliwa, na wasihamehame. Yaani waliotumwa ndio waliokuwa wahitaji. Walikuwa na amani na habari za ufalme, lakini chakula na mahali pa kulala vilikuwa kwa mwenyeji. Siku hizi tunafika na masanduku, vyakula vyetu, maji yetu na ratiba iliyopangwa mpaka dakika ya mwisho. Mwenyeji anabakiziwa kazi moja, kuketi apokee.

Katika safari moja niliyokuwemo, mama mmoja alitandika kitanda chake kwa ajili ya wawili wetu. Shuka zilikuwa zimepigwa pasi, mikunjo bado inaonekana, na mkeka wake mwenyewe alikuwa ameuegemeza ukutani sebuleni. Kiongozi wa msafara akaona huruma. Akamshukuru, akasema hatutaki kumsumbua, tutalala hotelini. Alikuwa na nia njema kabisa. Mama akaitikia kwa kichwa, akaingia chumbani, akaanza kuzitandua zile shuka moja moja. Jioni hiyo tulihubiri juu ya upendo, na yeye hakuja.

Tunapenda methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Basi tukumbuke kwamba jembe hutolewa na mwenye shamba, naye ndiye anayejua pa kulima. Timu nyingi huingia na jembe lao na kuanza kuchimba siku ile ile, kabla hata ya kuuliza hapo pamepandwa nini. Kanisa la pale limekuwepo, lina wazee wake, lina namna yake ya kuomba, ya kuimba na ya kuzika. Kuna watu waliolia na kufunga kwa ajili ya mtaa ule miaka mingi kabla ndege yetu haijatua. Utamaduni mpya huwezi kuujua ukiwa jukwaani. Utaujua umeketi chini ya paa la mtu, hujui useme nini, mtoto wa nyumba anakuelekeza pa kunawia mikono.

Petro aliyajua haya kwa gharama. Aliporudi Yerusalemu kutoka nyumbani kwa Kornelio, akida wa Kirumi asiye Myahudi, ndugu walimlaumu kwa kuingia kwa watu wasiotahiriwa na kula nao. Ni meza iliyowaudhi.

Wala malalamiko haya si mapya. Mwaka 1910, kwenye mkutano mkuu wa misheni mjini Edinburgh, V. S. Azariah kutoka India alisimama mbele ya ukumbi uliojaa Wazungu na Wamarekani. Alikiri kwamba wamisionari walikuwa wametoa mali na hata uhai wao. Kisha akawaomba kitu kingine: urafiki. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alikwenda mbali zaidi, akataka utumaji wa wamisionari na fedha usitishwe kwa muda ili makanisa yaliyozoea kupokea yasimame yenyewe. Wengi walikasirika. Mimi nadhani alikuwa akiwatendea haki wote wawili, anayetoa na anayepokea.

Haya, nakubali: daktari aliyekwenda kupasua mtoto wa jicho hana haja ya kukaa sebuleni wiki nzima kwanza. Na muda mfupi hautoshi kujifunza lugha. Lakini unatosha kujifunza salamu, na majina ya watu wa nyumba uliyolala.

Kuhusu kupiga picha watoto wa watu bila kuwauliza wazazi wao, sina hata la kujadili. Acheni.

Ninachoomba kwa kamati za misheni ni kidogo. Ratiba ipangwe na mchungaji wa kule, naye awe na mamlaka ya kufuta lolote tulilolileta, hata mkutano wa hadhara. Timu ilale kwa washirika wanaojitolea kuwapokea, ile wanachokula, ikae ibadani kwenye mabenchi kabla ya kupewa kipaza sauti. Asiyeweza sharti hilo abaki, na nauli yake itumwe kwa kanisa lile walipe mkalimani wao.